Kitonge, Mlima wa Nane

Mji mzima ulimwita Pimamaji, na yeye jina hilo alilivaa kama koti la harusi. Alikuwa fundi lipu. Popote alipokwenda, iwe kazini au msibani, kipimo chake cha njano chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo kilikuwa mfuko wa nyuma, kimechomoza kama mkia. Akikaribishwa kiti kwa watu, kwanza anakilaza kipimo juu ya meza ya mwenyeji, anafumba jicho moja, kisha anatikisa kichwa kwa huruma.

"Meza yenu imelalia upande wa mlangoni," anasema. "Siku moja chai itawaunguza."

Basi mwenyeji wa watu anabaki kuona haya kwa meza aliyoirithi kwa baba yake.

Lakini tusimwonee, kazi aliijua. Ukuta aliopiga lipu Pimamaji ungeweza kuupitishia shavu la mtoto mchanga kutoka mlangoni hadi dirishani, na mtoto asiamke. Tena alikuwa na sikio. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, mahali fulani akasimama. "Hapa ndani pana uwazi. Lipu haikushika. Haimalizi mwaka." Na kweli, haimalizi mwaka, inadondoka, mara nyingine juu ya kitanda cha mgeni.

Kitu alichokichukia kuliko wezi wa simenti ni tonge la lipu lililoachwa likaukie ukutani. "Tonge ukutani," alikuwa akiwaambia mafundi wenzake, "ni kama uongo mdomoni. Likishakauka, hulitoi bila kuvunja kitu."

Maneno matamu hayo. Yangekuwa matamu zaidi kama yeye mwenyewe asingekuwa na tonge lake, limekaa miaka ishirini na sita, limepakwa rangi ya kijani na kuandikwa jina.

Ili ulielewe tonge lenyewe, kwanza uijue milima. Mimi na shule tuliachana mapema, kila mmoja akashika njia yake, lakini milima hainidai cheti. Iko saba nyuma ya mji, imepangana mstari mmoja kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati, na yote ilizaliwa na moto. Wa kwanza ni Babu. Huyo mvua imemla nyama yote, limebaki koo tu, ile lava iliyogandia kwenye umio siku moto ulipozimika, limesimama wima kama kidole kinachokanya. Wanafuata Mapacha, wawili, mmoja mnene kidogo. Kisha Kibogoyo, ambaye siku moja alipasuka ubavuni, ukingo wa kasoko yake, lile shimo la kileleni, ukabomoka, tangu hapo yuko mdomo wazi bila meno ya mbele. Halafu Kilemba, ambaye wingu halimtoki kichwani. Halafu Bakuli, aliyebeba ziwa kileleni. Mwisho Mvutakiko, kitindamimba wao, ambaye asubuhi za baridi bado anatoa moshi mwembamba, na kama vitindamimba wote, hakuna anayejua lini atachafua nyumba.

Na jambo moja ulishike vizuri, maana litatujia baadaye: juu ya milima ile hakuna maji. Mvua inanyesha kila siku upande wa mji, lakini ardhi ni majivu na mawe ya povu, yale mepesi ya kusugulia visigino, inakunywa kila tone. Unaweza kufa kwa kiu huko huku shati limelowa. Maji yanazama, yanasafiri gizani, yanakuja kutokea chini kabisa miguuni pa milima, baridi ya kuuma meno. Ziwa la Bakuli lipo, ndiyo, lakini kulifikia ni kushuka ukuta, na ukinywa lina ladha ya kiberiti.

Pimamaji mchanga wake mweusi ulitoka kwenye machimbo ya Kibogoyo. "Nusu ya Kibogoyo nimeibandika mimi kwenye kuta za mji huu," alijisifu. "Milima ile naijua kama kiganja changu." Kiganja chake, kwa taarifa yako, kilikuwa kimejaa simenti muda wote, hata yeye alikuwa hajakiona vizuri. Kupita Kibogoyo hakuwahi kukanyaga.

Basi miaka ishirini na sita nyuma, mkuu wa shule ya sekondari akamwita. Alitaka mfano wa safu nzima ya milima, juu ya meza ndefu ya chumba cha jiografia, wanafunzi waione na kuishika. Akampa ramani. Pimamaji akaikunjua, akaona mistari inazunguka na kuzunguka kama alama ya dole gumba. Hakujua kwamba mistari ile ndiyo urefu wa milima. Alidhani wakubwa wameweka sahihi.

"Umeielewa?" mkuu akauliza.

"Mkuu, mimi na milima hii tumekua pamoja."

Kazi akaianza kwa waya wa wavu na magazeti ya zamani, juu yake ngozi nyembamba ya lipu. Kila mlima ndani ulikuwa mtupu kama ngoma. Hadi Kibogoyo alikwenda kwa kumbukumbu, kwingine kote alikwenda kwa ujasiri. Ijumaa ya pili alikuwa juu ya ngazi akiziba ufa wa dari, palepale juu ya meza, mara akasikia honi nje: gari la kwenda harusi ya shemeji yake linaondoka. Akageuka haraka, mwiko ukateleza, tonge la lipu ya simenti, ukubwa wa ngumi mbili, likaanguka pu! katikati ya Kilemba na Bakuli.

"Nitalitoa nikirudi," akasema, akakimbilia harusini. Hata mwiko hakuosha.

Jumatatu alikuta limekuwa jiwe. Akilipiga patasi, ubavu wa Kilemba unapasuka na magazeti yanachungulia nje. Amesimama anakuna kichwa, mlango ukafunguliwa, mkuu huyo, na wageni wawili wenye tai.

"Kazi safi! Na huu mlima mdogo hapa?"

Ilikuwa rahisi kusema: hilo ni tonge, mkuu, limeniponyoka. Maneno matano. Lakini wageni wanatazama, tai zimenyooka, na kipimo kiko mfuko wa nyuma.

"Huo ni Kitonge, mkuu. Mdogo, umejificha nyuma ya wingu la Kilemba. Ramani nyingi haziuoni."

Mkuu naye alikuwa mtu wa tabia moja na fundi wake, hakupenda kuonekana hajui. Akawageukia wageni. "Kitonge, bila shaka. Nimewahi kuusikia."

Siku ya kupaka rangi, bluu ya ziwa la Bakuli ikadondoka tone moja pembeni mwa Kitonge. Mkuu akauliza tena. "Chemchemi," akajibu fundi bila kupepesa. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaanza kudai mwenzake.

Na mchana ule binti yake, mtoto wake wa pekee, umri wa miaka sita, alikuwa amemletea chakula. Akaweka bakuli chini, akaipitia milima kwa kidole kimoja. "Moja, mbili, tatu..." Alipofika nane alimtazama baba yake kwa macho ambayo mtu hutazamwa nayo mara moja tu maishani. "Huu uliujua wewe peke yako, baba?"

"Mimi peke yangu," akasema Pimamaji. Hapo, angalau, hakusema uongo.

Yule mtoto ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa jiografia, katika shule ileile, chumba kilekile. Tangu hapo mama yake akaitwa Mama Mwalimu, mtaa mzima. Mkuu wa zamani alishafariki, akazikwa na Kitonge chake moyoni. Miaka yote hiyo Pimamaji alijiambia kwamba kilima kidogo hakimuumizi mtu.

Jumapili moja mchana binti alikuja kula kwa wazazi. Alikuwa na furaha hata akasahau kunawa.

"Baba, nimepata! Ofisi ya ramani wamekubali. Jumamosi tunapanda, mimi na wanafunzi thelathini na wawili, na bwana mpima anakuja na vyombo vyake. Tunakipima Kitonge."

Pimamaji alikuwa na tonge la chakula mkononi. Lilibaki hewani.

"Kukipima cha nini?"

"Kiingizwe kwenye ramani! Nimewaandikia barua nne. Walikuwa wanasema hakipo, eti hata kwenye picha za angani hakionekani. Nikawaambia, pale wingu halitoki mwaka mzima, hiyo picha mtapigaje? Nikawaambia, baba yangu amepiga lipu miaka arobaini, hajawahi kukosea hata unywele."

"Mungu wangu," akasema Mama Mwalimu, "leo huyu hatalala kwa sifa. Nyumba itakuwa ndogo."

"Na njia?" Pimamaji akauliza. Sauti ilitoka nyembamba, kama imepita kwenye chekecheo.

"Tunapanda Kilemba asubuhi, tunavuka nyuma, saa saba tunafika Kitonge, tunapumzika kwenye chemchemi yako na kujaza maji. Nimewaambia wanafunzi wabebe chupa mojamoja tu, wasichoke. Ndiyo ajabu ya Kitonge, baba. Huko juu kote hakuna tone, ila pale."

Mama Mwalimu akamtazama mumewe. "Mbona huli?"

"Chumvi," akasema.

"Chumvi imefanya nini? Imezidi au imepungua?"

"Ipo."

Usiku ule, kama mkewe alivyotabiri, hakulala, ila sababu haikuwa ile. Jumatatu alitoka mapema kwenda nyumbani kwa binti. Alipofika mlangoni akamkuta anapiga pasi suruali ya kupandia mlima, akasema amepita tu kuangalia ufa wa jikoni. Jumanne akaenda machimboni, akawauliza wapakiaji wa mchanga nini kipo nyuma ya Kilemba. "Mawe, mzee," mmoja akamjibu. "Lava tupu, nyeusi, kali kama chupa zilizovunjwa. Hata mbuzi hapiti. Kwani unataka kiwanja?" Wakacheka. Kila siku nyingine angewajibu kwa tusi zuri la kifundi. Siku hiyo alisema asante, wakashangaa.

Jumatano alipiga lipu chumba kizima bila kuimba. Mwenye nyumba akadhani ni mgonjwa, akampa vidonge.

Alhamisi alasiri, wanafunzi wakiwa uwanjani kwenye michezo, akaingia chumba cha jiografia na mkoba wake. Mpango ulikuwa wa kitoto, na mzee mzima alijua ni wa kitoto. Angelitoa tonge kwa patasi, angeziba kovu, angepaka rangi, halafu angesema... hakuwa amefika hapo. Aliinama juu ya meza. Jina lilikuwa bado linasomeka, herufi kubwa za mkono wake mwenyewe: KITONGE, MITA 2,400. Hizo mita alizitoa wapi, usiniulize mimi, nami nilimuuliza akakohoa.

Akapiga patasi mara moja. Vumbi likaruka.

"Baba?"

Binti alikuwa mlangoni, madaftari kifuani.

"Narekebisha kidogo. Mpima asije akakuta ufa."

"Lakini unakivunja!" Akaja mbio, akaweka madaftari chini, akapapasa mahali pa jeraha kama mtu anayepapasa goti la mtoto aliyeanguka. Halafu, bila kufikiri, akafanya alichofundishwa na baba yake tangu utotoni. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Kilemba: ko, ko. Bakuli: ko, ko. Kitonge: ti.

Akarudia. Ko. Ko. Ti.

"Milima yote ni mitupu," akasema polepole. "Mbona hiki kimejaa?"

Pimamaji alitazama patasi, akatazama dari. Ufa alioziba siku ile haukuwa umefunguka hata kidogo. Kazi safi.

"Baba. Mbona kimejaa?"

"Limeniponyoka, mwanangu."

"Nini kimekuponyoka?"

"Tonge. Toka juu pale. Nikaenda harusini."

Alingoja apigiwe kelele. Kelele angeziweza, maisha yake yote amefanya kazi na wapiga kelele. Binti alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa, magoti yakafika kifuani, akawa tena kama yule wa miaka sita.

"Na chemchemi?"

"Rangi. Ilidondoka."

"Chupa mojamoja, baba." Aliinua kidole kimoja. "Nimewaambia mojamoja. Watoto wa watu thelathini na wawili."

Pimamaji aliona haya hata kwa mikono yake, hakujua aiweke wapi, mwishowe akaificha nyuma, ikagusana na kile kipimo.

"Nitakitoa sasa hivi," akasema. "Dakika kumi."

Binti akainuka, akamnyang'anya patasi. Hakuvuta kwa nguvu. "Usikiguse. Ukikitoa leo, kesho nitawaambia kimeenda wapi? Kesho saa nne bwana mpima anakuja hapa kuongea na wanafunzi. Utamwambia wewe. Mimi mdomo wangu nimeshautumia sana kwa jambo hili."

Ijumaa saa nne Pimamaji alisimama mbele ya darasa, amevaa shati la sikukuu, kofia mkononi. Mpima alikuwa kijana mwembamba wa miwani, amekaa pembeni na mikoba ya vyombo. Binti alisimama dirishani, uso nje.

Alieleza yote, ngazi, honi, harusi, tai za wageni. Alipofika "nitalitoa nikirudi", darasa likapasuka kwa kicheko. Mpima mwenyewe alicheka, akavua miwani.

"Mzee, unajua nimekitafuta kilima chako miezi miwili kwenye picha? Nikaona macho yangu yana kasoro. Hii miwani ni mipya, nimeinunua kwa ajili yako."

Kicheko tena. Pimamaji naye akataka kucheka, maana mtu akichekwa, njia rahisi ni kujiunga. Lakini msichana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa amenyoosha mkono, na hakuwa anacheka.

"Mwalimu, kwenye mtihani wa muhula uliopita mimi niliandika milima ni saba. Bibi yangu anakata kuni kule, aliniambia ni saba. Ukanikosesha. Ukaniambia nisome meza."

Binti akageuka kutoka dirishani.

"Ulikuwa sahihi," akasema. "Alama zako nitazirudisha. Na bibi yako pia alikuwa sahihi. Nisamehe. Niliamini meza kuliko mtu aliyefika."

Kicheko Pimamaji alikuwa amekivumilia. Hili lilimshinda. Mwanawe anaomba radhi mbele ya watoto kwa ajili ya tonge ambalo hakuliangusha yeye. Akashika ukingo wa meza. "Radhi ni yangu," akasema, lakini ilitoka ndogo, na waliokaa nyuma hawakuisikia.

Wanafunzi walipotoka, binti alimpa brashi na kopo la rangi nyeupe. "Andika ukweli, kwa mkono uleule." Akaandika chini ya jina la zamani, herufi kubwa: TONGE LA LIPU. LILIANGUKA. FUNDI ALINYAMAZA. Neno la mwisho liliteremka upande kidogo. Aliliona. Hakutoa kipimo.

Jumamosi safari ilifanyika kwa njia nyingine. Walizunguka chini, chemchemi hadi chemchemi, kila mtu na maji tele, na mpima aliwaonyesha jinsi ya kusoma ile mistari ya dole gumba. Mchana yeye na mwalimu wawili tu walipanda hadi bega la Kilemba. Pimamaji hakualikwa, wala hakutegemea. Alishinda uani, kichwa juu, na Mama Mwalimu akampita mara tatu na ndoo kabla ya kusema, "Shingo itagandia hapo, mume wangu. Miaka ishirini na sita umelala na mimi na mlima. Ungeniambia tu, ningekulazimisha uuseme asubuhi yake."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Jioni binti alipita, vumbi hadi nyusi. Hakukaa. Alitoa mfukoni kipande cha jiwe jeusi kinachong'aa, akakiweka mezani, na pembeni yake soli ya kiatu chake, imekatwa kama kwa kisu.

"Pale ulipoweka chemchemi," akasema, "wingu lilifunguka kidogo, tukaona. Ni mawe haya mpaka upeo wa macho. Tulikanyaga hatua ishirini tu."

Pimamaji alilichukua jiwe. Likamchana dole gumba papo hapo, na hakuifuta damu. Alikuwa anahesabu viatu, jozi thelathini na mbili.

"Kesho utakuja kula?" akauliza.

"Kesho nina karatasi za kusahihisha upya, baba. Mihula mingi." Alifika mlangoni, akasimama. "Jumapili nyingine."

Kutoka wiki ile watoto wa shule walimbadilishia jina. Lilianza kwa mnong'ono nyuma ya ukuta, likapanda barabarani, likafika sokoni. Mwezi haujaisha, mtu mgeni akapiga hodi uani, anatafuta fundi wa kumpigia lipu vyumba viwili.

"Samahani, mama. Hapa ndipo kwa Fundi Kitonge?"

Mama Mwalimu alivuta pumzi ya kumfundisha adabu. Pimamaji akamwahi, akatoka ndani na mwiko, macho chini.

"Ndipo," akasema. "Karibu."